Msaada: Cu7In3 yangu inabadilika kwenye nyuzi 574, vitabu vinasema 630

Kipimo_Cha_Usiku: Wakuu, habari za kazi. Nimetengeneza aloi ya shaba na indiamu, indiamu asilimia 30, yaani Cu7In3. Nimeyeyusha kwa nyuzi 1100 ndani ya gesi ya agoni, ikapoa humohumo tanurini. DSC (kipimo cha joto ambalo sampuli inafyonza au kutoa ikipashwa) inanionyesha kilele kikali cha kufyonza joto kwenye 574. Nimerudia mara tatu, hakihami. Eksirei, inayosoma mpangilio wa atomu, nayo inaonyesha vilele vya shaba ambavyo havitakiwi kuwepo. Je, hii ni awamu mpya, yaani mpangilio mpya wa atomu? Nina wiki mbili tu.

Fundi_Mizani: Asilimia 30 ya nini? Uzito au atomu?

Utando_Mwembamba: Wengi wanasahau kwamba mfumo huu una CuIn2, ambayo haimo kwenye mchoro wa kawaida wa awamu (ramani ya awamu zipi zipo kwa kila joto na mchanganyiko). Inajitokeza yenyewe kwenye joto la chumba pale tabaka la shaba linapogusana na indiamu, na ukipasha karibu na 150 inageuka Cu11In9. Hiyo nayo inavunjika ikipita 300 kidogo. Anayeandaa tabaka za seli za jua asipoliangalia hilo atasoma eksirei vibaya.

Kipimo_Cha_Usiku: Asante mkuu, ila yangu ni kipande kizima, si utando. @Fundi_Mizani, EDS (kipimo cha kiasi cha kila elementi, kwenye darubini ya elektroni) imethibitisha 30. Nimeshaamua kuioka 600 kwa saa 24 ili isawazike.

Fundi_Mizani: EDS inatoa safu mbili, uzito na atomu. Umesoma ipi? Tupe gramu ulizopima.

Kipimo_Cha_Usiku: Indiamu 3.00, shaba 7.00. DSC nilipandisha hadi 700, nyuzi 10 kwa dakika, kikombe cha alumini.

Jicho_La_Darubini: Hapa nina shaka. Alumini inayeyuka kwenye 660. Ukifika 700 kikombe kimekwisha na kihisio kimeharibika, lakini wewe umerudia mara tatu. Na mizani gani ya maabara inatoa 3.00 na 7.00 kamili? Uzi huu umetungwa.

Mwalimu_wa_Metali: Naungana nawe. Mtu akiomba ushauri alete namba za daftarini, asizozirekebisha. Tunapoteza muda wa watu.

Kipimo_Cha_Usiku: Sijatunga, ndugu zangu. Kikombe ni cha alumina, oksidi, nimekosea kuandika. Gramu halisi ni 3.004 na 7.011. Na ndiyo, ile 30 ya EDS ni safu ya uzito. Sikutaja kwa sababu muhtasari wa mkutano nimeshautuma, umeandikwa "awamu mpya". Tofauti ya uzito na atomu haiwezi kuwa kubwa hivyo.

Fundi_Mizani: Ni kubwa sana. Atomu ya indiamu ina uzito 114.82, shaba 63.55. Gawanya 30 kwa 114.82 unapata 0.261; gawanya 70 kwa 63.55 unapata 1.102. Indiamu yako ni asilimia 19.2 ya atomu. Cu7In3 inataka 30 ya atomu, ambayo kwa uzito ni 43.6.

Kwenye 19 hivi, mchoro una awamu iitwayo beta, inayodumu juu ya 574 tu. Chini yake beta inavunjika kuwa shaba yenye indiamu kidogo pamoja na delta, na delta ndiyo Cu7In3. Ukipasha, zile mbili zinaungana tena kuwa beta zikifyonza joto: hicho ndicho kilele chako, na ndiyo maana hakihami. Vilele vya shaba ni shaba kweli. Hakuna awamu mpya.

Kuoka 600 hakutakusaidia. Utaipeleka kwenye beta, ikipoa polepole inarudi palepale.

Jicho_La_Darubini: Basi naondoa shaka yangu. Namba hizi zinajibu kila kitu. Angalia pia kadi ya eksirei (orodha ya vilele vya awamu inayojulikana) uliyolinganisha nayo: Cu9In4 ni awamu ya gama, fuwele ya kyubiki (mchemraba), ya joto la juu. Delta ni triklini (fuwele yenye ulinganifu mdogo kabisa), ina mistari mingi iliyosongamana karibu na kilele kikuu cha shaba, hivyo skani ya haraka inaifunika. Tumia hatua ya nyuzi 0.02 za pembe na unga laini uliookwa kidogo baada ya kusagwa, la sivyo mistari inanenepa.

Kipimo_Cha_Usiku: Nianze upya? Indiamu niliyobaki nayo ni gramu 3.

Fundi_Mizani: Usianze upya. Kwa shaba 7.011 ulihitaji indiamu 5.429, umepungukiwa 2.425. Kwa kuwa umeshakata vipande, pima kilichobaki na uongeze gramu 0.242 kwa kila gramu. Yeyusha tena na ukigeuze kipande, kisha upime uzito kabla na baada; ukipungua, kuna kilichobaki chunguni. Ukiona rangi ya njano juu, ni oksidi ya indiamu: agoni yako inavuja.

Halafu funga kwenye mrija wa kwatzi wenye ombwe, oka 500 kwa wiki nzima, zamisha majini. Kwenye DSC soma mwanzo wa kilele, si ncha. Kilele cha 574 kikipotea na cha karibu 630 kikabaki, una delta. Kikitokea cha 156, kuna indiamu ambayo haijaungana.

Na waandikie wa mkutano leo, kabla hawajachapisha. Kipande cha sasa tunza nusu: kiko karibu na nukta ya eutektoidi (mchanganyiko ambao beta yote huvunjika kwa pamoja kuwa shaba na delta), kinafaa kulinganishia.

Kipimo_Cha_Usiku: Nimewaandikia. Kipande kilichobaki ni gramu 8.362, naongeza 2.02.

Fundi_Mizani: Sawa, 2.024. Ukitaka kutunza nusu, kata kwanza ndipo upime.