Kiayalandi bila mwalimu: nianze na kozi ipi?

Wakuu, naanza sifuri. App ya Duolingo inatosha? Na lahaja, nichague mapema?

Jibu 1
Chagua mapema. Lahaja za Munster, Connacht na Ulster (majimbo ya Ayalandi) zinatofautiana sana kimatamshi. Ukichanganya sauti mwanzoni utavurugikiwa. Anza na Buntús Cainte, masomo mafupi yenye sauti. Learning Irish cha Ó Siadhail ni kizuri ila kizito, na kimefuata lahaja ya Cois Fharraige (Connacht), hivyo baadhi ya maumbo yake hayalingani na lugha sanifu.

Jibu 2
Duolingo iwe nyongeza tu, maelezo yake ya sarufi ni haba. Wengi hukwama pale mwanzo wa neno unapobadilika: bád (mashua), mo bhád (mashua yangu), ár mbád (mashua yetu). Kwenye kamusi ya kitabu hutaiona "mbád". Ondoa herufi iliyoongezwa, utafute bád. Matamshi sikiliza kwenye tovuti ya kamusi teanglann.ie, ina rekodi za lahaja zote tatu, bure.

Jibu 3
Ongezeeni mihtasari ya TEG, mitihani ya Kiayalandi ya Chuo Kikuu cha Maynooth. Ule wa A1 (ngazi ya kwanza) unaonyesha mada za kuanzia, hata kama mtihani wenyewe hufanyi.

Muulizaji
Basi Connacht. Shukrani wakuu.