Tairi la mwinjilisti

*Kikundi cha jumuiya, Tabata, Jumanne jioni*

Katibu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mlisikia matangazo Jumapili: Kamati ya Misioni na Uinjilisti inataka ahadi ya kila jumuiya kabla ya mwisho wa mwezi. Sisi mwaka jana tuliahidi laki sita, tukatoa laki mbili na nusu. Sisemi kitu.

Mama Neema: Ameni. Si umeshasema katibu 😂

Mama Joel: Mimi nina viroba viwili vya nguo za watoto, safi kabisa, zimewabana tu. Naomba ziende kwa mwinjilisti wetu kule Kibiti.

Mhazini: Mama Joel ubarikiwe, ila za mwaka juzi bado ziko stoo ya kanisa. Hadi ufikishe mzigo Mbagala, upande basi, ushuke ukodi boda, nauli imeshapita bei ya nguo zenyewe.

Mama Joel: Jamani, yaani hata nguo zimekataliwa?

Mhazini: Hazijakataliwa mama. Jana nilimpigia mwinjilisti nikamuuliza shida yake hasa ni nini. Akanijibu usiku, nabandika hapa kama alivyoandika:

"Shikamoo mhazini. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Tairi la nyuma la pikipiki limebaki upara, na cheni inaruka. Mvua ikinyesha udongo wa huku unateleza, siwezi kufika mtaa wa pili, natembea kwa miguu kwa muda wa saa tatu. Posho inakuja ila haina tarehe. Ikichelewa nakopa unga kwa mzee wa dukani, ni Mwislamu, hajawahi kuninyima. Wiki iliyopita mkewe alizidiwa usiku, nikampeleka zahanati kwa pikipiki hii hii. Cheni ilitoka mara mbili njiani. Msalimieni mama mchungaji."

Mama Neema: Mara mbili, na mgonjwa nyuma 😳

Shemeji Upanga: Huyo wa dukani ndiye anayetegemeza misioni yetu, sisi tunatangaza tu.

Baba Upendo: Hilo la tairi nalielewa na nitatoa. Swali langu ni jingine. Kwenye ile fomu ya ahadi kuna mstari "misioni ya nje". Nje wapi? Ujerumani? Watu waliotujengea kanisa la Azania Front leo tuwachangie sisi wa Tabata tunaonunua maji ya boza?

Mama Neema: Boza limepanda tena, mmeona?

Katibu: Mama Neema tusitoke kwenye mada 🙏🏾

Babu Kimara: Wanangu, salaam. Baba Upendo ameuliza vizuri. Ila tusidhani misioni ni tajiri kumpa maskini. Mmisionari Krapf aliyefika Mombasa 1844 alikuwa Mjerumani, na waliomtuma ni Waanglikana wa Uingereza. Mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga kule kule. Wamisionari wa Berlin wakafika hapa Dar 1887, wakaenda hadi Kisarawe na Maneromango. Haya, ikaja vita ya kwanza, Wajerumani wakaondolewa. Ikaja ya pili, 1939, wakakamatwa tena wakawekwa kizuizini. Pesa ya Ulaya ikakatika. Nani alibaki na makanisa? Wainjilisti wetu. Wengine walikuwa hawalipwi kitu, wanalima kwanza ndipo wanafundisha. KKKT mnayoiona, kanisa letu la Kilutheri, iliungana 1963 kutoka makanisa saba, na makanisa hayo yalishapita kwenye njaa hiyo.

Baba Upendo: Shikamoo Babu. Ndiyo nasema, anayetegemea nje siku ikikatika ameumia. Kwa hiyo tuanze na wa kwetu.

Babu Kimara: Marahaba. Tuanze nao, sikatai. Lakini kuanza si kuishia. Wamalawi walioanzisha Kanisa la Kilutheri kwao 1982, Ulutheri waliujua hapa hapa Dar. Hakuna kamati iliyokaa ikawapangia. Wangekuta watu wa Dar wanasema "kwanza sisi", wangerudi kwao na nini?

Shemeji Upanga: 🔥

Mama Mchungaji: Niongeze kidogo kuhusu Ujerumani. Dayosisi yetu ni mwanachama wa UEM, ule umoja wa makanisa wa misioni wenye makao Wuppertal, Ujerumani. Tangu 1996 wanaokaa mezani ni makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na watumishi wanakwenda pande zote. Kuna wachungaji wa Tanzania wanahudumu kule. Mmoja ni rafiki yangu. Mshahara analipwa huko huko, hahitaji laki yetu. Anasema anachokosa ni salamu. Anapanda treni asubuhi, behewa limejaa, hakuna anayemwambia hata habari za asubuhi. Usharika wake wa nyumbani walimpigia wakati wa kuaga tu.

Mama Joel: Maskini! Si tungempigia hata Jumapili baada ya ibada, wote pamoja kwenye simu moja?

Baba Upendo: Hiyo haina makato. Naunga mkono 😂 Lakini bado sijajibiwa. Kama wa Ujerumani analipwa huko, ile hela ya "nje" tunayotoa sisi inakwenda kwa nani?

Katibu: Nitauliza kwenye kamati Alhamisi, nilete jibu la maandishi.

Baba Upendo: La maandishi, na jina la nchi. Mwaka jana tuliambiwa "imefika". Imefika wapi?

Mhazini: Kwa hilo nipo na wewe. Mimi mwenyewe natia saini bila kuona risiti ya upande wa pili.

Dada wa Kwaya: Samahani wakubwa. Mimi naona ahadi kubwa ndiyo inatuua. Tunaahidi laki sita kwa mori wa ibada, halafu Januari ada, Februari kodi. Kwa nini kila nyumba isitoe elfu tano kwa mwezi? Tupo nyumba ishirini. Mwinjilisti akajua tarehe tano laki moja inaingia, basi.

Mhazini: Huyu binti awe mhazini. Mimi nimechoka.

Mama Neema: Tarehe tano hapana, mishahara inachelewa. Kumi.

Katibu: Kumi. Wanaokubali waandike "ndiyo".

Shemeji Upanga: Ndiyo

Mama Mchungaji: Ndiyo

Babu Kimara: Ndiyo, na ya jirani yangu mjane naweka mimi.

Baba Upendo: Ndiyo ya Kibiti. Ya nje nasubiri Alhamisi.

Mama Joel: Ndiyo. Na zile nguo nazileta kwenye mnada Jumapili, baada ya ndizi na jogoo. Zitakachopata kiende kwenye tairi. Asiyenunua asinisalimie.

Mhazini: 😂😂 Wanaotuma kwa simu, tumeni na ya kutolea tafadhali. Mwezi uliopita nilitoa mfukoni kwangu.

Baba Upendo: Nina mtu Kariakoo wa vipuri, atatupa tairi, tyubu na cheni kwa bei ya jumla. Muulizeni kwanza mwinjilisti tairi lake ni inchi kumi na saba au kumi na nane, yule wa vipuri akishauza harudishi.