Ati difu niliinunua niiendeshe au niisikilize?

Mama Vitunguu:
Ndugu zangu, ninaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu hasira niliyo nayo hainiruhusu kukaa. Yule kijana wa vipuri vilivyotumika pale mtaa wa Gerezani, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna mwenye pikapu katika jiji hili ambaye hajalizwa naye, ameniuliza mchana huu, mbele ya wateja wake na vijana wake wanaoosha vyuma kwa dizeli, kama difu aliyoniuzia, yaani kile chuma cha kwenye ekseli kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu, niliinunua niiendeshe au niisikilize. Niisikilize! Mimi, ninayeweza kumzaa yeye na kaka yake mkubwa!

Pikapu yangu ni Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne, nayo ndiyo inayobeba vitunguu vyangu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Dar es Salaam. Difu yake ya nyuma ilipoanza kunguruma, fundi alifungua nati ya kumwagia oili tukakuta chembe za chuma zinazotosha kufulia sufuria. Krauni na pinioni mpya, yaani gia kubwa na gia ndogo zinazozungushana ndani ya difu, zingemaliza mavuno ya msimu mzima, kwa hiyo nikaenda kwa huyo mnayemjua. Meno niliyahesabu mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi: krauni 41, pinioni 10, yaani uwiano wa 4.1, sawa na difu yangu ya zamani na sawa na ile ya mbele. Fundi akatoa ngoma za breki, akachomoa ekseli zote mbili, akafungua propela, akashusha kichwa kibovu cha difu na kupandisha hicho cha Gerezani, akaweka sili mpya na oili mpya namba 90, kisha akatoa upepo kwenye breki. Kazi yake ilikuwa safi.

Nilipofika mwendo wa 80 ikaanza kulia. Nikikanyaga mafuta inalia kwa sauti moja, nikiachia inalia kwa nyingine, na tulipoingia Mikumi tembo walitupisha barabara wenyewe. Fundi alipoifungua tena tukakuta krauni imechorwa namba yake na pinioni imechorwa namba nyingine kabisa. Vyuma hivyo viwili husagwa pamoja kiwandani na havitenganishwi hadi vife. Kijana yule amefungisha ndoa masalia ya magari mawili, akayapaka rangi ya fedha, akaniapia kwamba difu imetoka Japani na haijawahi kufunguliwa. Nilimwonyesha namba hizo. Hakuziangalia hata kidogo. Aliendelea kumenya chungwa lake, akainua kichwa, akaniuliza kama niliinunua niisikilize, na duka zima likacheka.

Fundi wa Tandika:
Shikamoo mama, na pole sana. Hata hivyo, kuhesabu meno ni kazi ya dakika moja, na hakukuambii chochote kuhusu hali ya meno yenyewe. Difu iliyotumika hupakwa rangi kwenye meno machache ya krauni, ikazungushwa, ndipo ukaona pinioni inagusa wapi, na nafasi kati ya meno ya aina hiyo ya difu hutakiwa kuwa milimita 0.13 hadi 0.18. Huyo fundi wako aliipima kwa kifaa gani, au aliipima kwa macho?

Mama Vitunguu:
Marahaba, mwanangu. Fundi wangu hakuozesha krauni kwa pinioni isiyokuwa yake, na fundi wangu hakuniuliza mbele ya watu kama ninanunua vyuma ili nivisikilize. Tafadhali tumjadili aliyesema maneno hayo.

Dereva wa Mbagala:
Mama, nimecheka hadi kondakta wangu ameniuliza kama niko salama. Redio ya gari siku hizi ni ghali, nawe umepewa muziki wa bure hadi Morogoro.

Mama Vitunguu:
Nawe pia unacheka, kama walivyocheka wale dukani. Chungwa lile lilimalizika, maganda yakatupwa karibu na miguu yangu, na jibu kuhusu fedha zangu sikupewa.

Mkazi wa Kimara:
Mama, wewe una bahati. Huyohuyo aliniuzia difu ya meno 43 kwa 11, yaani 3.909, wakati ya mbele kwangu ni 4.1. Dashibodi ikinionyesha 80, gari linakwenda takriban 84, na siku niliyounganisha magurudumu yote manne kwenye lami ya mteremko wa nyumbani, mfumo mzima ulivutana hadi usukani ukakataa kukata kona. Nilipomrudia aliniambia nisiunganishe manne kwa sababu mimi si mwanajeshi.

Msoma Sheria:
Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa matumizi ya bidhaa, na ambaye mnunuzi ametegemea ujuzi wake, auze kitu kinachofaa kwa matumizi hayo. Tunza risiti, mama, na piga picha ya namba zote mbili.

Mwenye Kenta:
Risiti yake imeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudi, na mwandiko wake hausomeki. Mimi alinipa ekseli ambayo meno yake ya mwisho hayaingii kwenye difu, akanishauri niyapige tupa.

Fundi wa Tandika:
Anayepiga tupa meno ya ekseli asije kwangu. Na wale wanaojaza oili nzito namba 140 ili kuficha kelele wasije pia, kwa sababu sauti hupungua kidogo lakini meno yanaendelea kulika.

Mwenye Kenta:
Namba 140 imenifikisha Songea na kunirudisha, kwa hiyo usiikashifu.

Mama Vitunguu:
Naomba turudi kwenye difu yangu na lile swali alilothubutu kuniuliza.

Fundi wa Tandika:
Kenta na pikapu ni magari mawili tofauti, ndugu. Tazama kitabu cha gari lako kabla ya kunibishia.

Mgeni wa Kibaha:
Mkazi wa Kimara, hiyo ya 43 kwa 11 bado unayo? Hilux yangu ni 3.909 mbele na nyuma, na ya nyuma imeanza kunguruma. Nitajie bei, na uniambie kama namba za krauni na pinioni zinafanana.