Pikipiki ya dizeli ya kujiundia: 186F, Yanmar L100, S195 au injini ya tuktuk?

mchomeleaji_moro
Wakuu, habari za kazi. Fremu naichomelea mwenyewe kwa bomba, tairi ya nyuma 3.00-17. Nataka pikipiki ya dizeli ya kushusha mboga kutoka Mgeta, milimani. Mwendo wa 70 unanitosha, ila ipande mlima na mzigo. Ninaowaza ni hawa: 186F ya Kichina (cc 406, farasi 10 kwa mizunguko 3600 kwa dakika, kilo 48 hivi), Yanmar L100 iliyotumika, Changfa S195 iliyotolewa kwenye pawa tila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono), na injini ya tuktuk ya Piaggio. Bei iacheni kwanza. Ipi itafanya kazi?

Fundi Nozeli
S195 iondoe leo. Farasi 12 ni kweli, lakini ina kilo zaidi ya 140, yaani inazidi pikipiki nzima ya cc 100. Maji yake yanachemkia kwenye tangi la wazi juu ya silinda; ukilala kwenye kona yanakumwagikia. Iache ivute tela.

186F na L100 ni ndugu, ya Kichina imenakiliwa kwa Yanmar na spea nyingi zinaingiliana. Ukipata L100 ambayo pampu na nozeli havijachezewa, ichukue hiyo. Usipoipata, 186F mpya ni bora kuliko Yanmar iliyochoka.

kilindini_diesel
Huku Mombasa tuktuk za dizeli ziko tele na spea haziishi. Raha yake inakuja na klachi na gia. Shida ni kwamba difu (meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) iko humo humo ndani ya giaboksi, nguvu inatoka pande mbili. Kwa gurudumu moja itabidi uifunge difu na utumie upande mmoja, halafu injini yote ikae upande kama ndoo ya maji. Kaka, mimi ningeiacha kwa magurudumu matatu.

mwana_uyole
Neno moja kuhusu mafuta. Kama lengo ni kubana matumizi, pikipiki ya petroli ya cc 100 tayari inakunywa kidogo sana, dizeli haitakurudishia gharama. Faida yako iko kwenye kuvuta taratibu na mzigo kwa miaka. Na kumbuka urefu wa mlima: injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda. Ile 178F, ndugu mdogo wa 186F mwenye farasi 6, usiiguse.

mchomeleaji_moro
Nimeelewa, naegemea 186F. Ila haina gia. Kuna anayesema nifunge klachi ya mkanda ya skuta?

gia_ya_nne
Ya skuta hapana. Inaanza kushika injini ikishapita 3000 au zaidi, na dizeli yako kufika hapo imebakiza kidogo ifike mwisho.

Hapa kwenye giaboksi ndipo pa kuumiza kichwa, kuliko kwenye farasi. Tairi ya 3.00-17 ikizunguka mara moja inasogea kama mita 1.83. Kwa kilomita 70 kwa saa gurudumu linazunguka mara 640 kwa dakika. Injini iko 3600, kwa hiyo unahitaji kupunguza mara 5.6 ukiwa gia ya juu. Sproketi za cheni zenye meno 14 na 42 zinakupa 3. Iliyobaki, karibu 2, itoke kati ya injini na klachi.

Giaboksi chukua ya CG125, ile Honda ya petroli ya cc 125. Watu husema itasagika, lakini tazama: petroli yake inatoa Nm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 9 au 10, na meno kati ya krenki (shafti kuu ya injini) na klachi yanapunguza mara 4, kwa hiyo shafti ya giaboksi imezoea karibu Nm 38. Dizeli yako ina Nm 20 ikiwa 3600, na 25 hivi ikishuka chini. Ukipunguza mara 2, giaboksi inapokea 40 hadi 50. Imezidi, ila si ya kutisha ukiachia klachi kwa adabu. Tafuta 186F inayotoa nguvu kwenye kemshafti (shafti ya valvu), hiyo inazunguka 1800 tayari.

Fundi Nozeli
Hesabu nzuri mkuu, ila ya kemshafti itampeleka kinyumenyume. Klachi ya CG iko kulia na inazunguka kinyume na gurudumu, kwa kuwa inasukumwa na meno. Ukiivuta kwa cheni, shafti ya injini nayo lazima izunguke kinyume na gurudumu. Krenki ya 186F ukiitazama upande wa shafti inazunguka kinyume cha saa, hivyo ukiielekeza kulia inakubali. Kemshafti inazunguka upande wa pili. Achukue ya krenki, sproketi 15 na 30.

gia_ya_nne
Sahihi, hilo sikuliweka. Ya krenki basi.

Fundi Nozeli
Mengine matatu. Klachi ile ni ya mafuta, kwa hiyo unda kava la cheni lisilovuja. Pigo la dizeli ni zito kuliko la petroli; mpira wa ndani ya nyumba ya klachi ukaguliwe mara kwa mara. Na gavana, kile kifaa kinachoshikilia mizunguko ya injini, usiing'oe: mkono wa mafuta utaona unaamuru mizunguko na injini inaishikilia yenyewe, mlimani utaipenda.

mwana_uyole
Filta ya hewa weka kubwa. Ile ndogo inayokuja nayo haifai kwa vumbi la kiangazi.

kilindini_diesel
Wanaouliza kama farasi 10 zinatosha: Enfield ya dizeli ya India ilikuwa na cc 325 na farasi 6.5 tu, ikauzwa barabarani. Sommer wa Ujerumani wamefunga Hatz ya cc 462, farasi 11, kwenye fremu ya Enfield.

mchomeleaji_moro
Nashukuru sana. 186F ya krenki, giaboksi ya CG. Kadi ya usajili je?

mwana_uyole
Fremu mpya na injini mpya, nenda TRA uulize kabla hujapaka rangi. Risiti ya injini itunze.