Kusaidia kufundisha au kusaidia utafiti mwaka wa kwanza wa PhD?

Mbu wa Muheza: Wakuu, salaam. Nimepata nafasi ya PhD ya elimu ya wadudu Marekani, naanza Agosti. Ada nimesamehewa na posho ni ileile, ila idara inataka nichague. Ama niwe TA, yaani msaidizi wa kufundisha, nisimamie mazoezi ya maabara ya biolojia na kusahihisha mitihani, ama niwe RA, msaidizi wa utafiti, kwenye mradi wa profesa kuhusu usugu wa mbu dhidi ya dawa za vyandarua. Huku Muheza nimezoea kukusanya mbu vijijini, kwa hiyo moyo uko RA. Mama anasema nifundishe, mwalimu hakosi kazi. Mnaonaje?

Kaole: RA, lakini kwanza muulize profesa: mradi huo ndio tasnifu yangu? Ukiwa ndio, kila saa unayolipwa inasogeza shahada yako. Usipokuwa, mchana utahesabu mbu wa mwenzio na usiku wa kwako. Uliza pia nani anamiliki data na majina kwenye makala yanapangwaje, mapema kabisa. Halafu utafiti una mwendo wake. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S hapa kwetu Bagamoyo na huko Korogwe yalianza 2009, na WHO ikaipendekeza chanjo Oktoba 2021. Chukua kipande unachoweza kukimaliza.

Dada wa Chumbageni: Mdogo wangu, mimi ningeangalia kwanza fedha inatoka wapi. TA hulipwa na idara, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapo kila muhula. RA hulipwa kwa ruzuku ya profesa, na ruzuku ina mwisho. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikatisha ruzuku nyingi za NIH na NSF, mashirika yake ya kufadhili utafiti wa afya na sayansi, zikiwa katikati, na wanafunzi waliozitegemea wakayumba. Muulize yake imebakiza muda gani.

Kuhusu saa: viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa TA ni rahisi kuzihesabu. Kwa RA, kazi ikiwa ndiyo tasnifu yako, hakuna anayejua ajira imeishia wapi na masomo yameanzia wapi. Na vyuo vingi huwapima wageni Kiingereza cha kuzungumza kabla ya kuwapa darasa, jiandae.

Mwalimu Pangani: Shikamoo kwa mama, ila kwa vyuo vya umma hapa nyumbani kinachokuingiza ni ufaulu: GPA (wastani wa alama, kati ya 5) 3.8 ya shahada ya kwanza, na 4.0 ya uzamili kwa mhadhiri msaidizi. Kupanda cheo ni makala zilizochapishwa. Kusaidia kufundisha ughaibuni hakuzibi pengo hilo.

Hata hivyo nakushauri TA mwaka wa kwanza. Profesa wa RA ni msimamizi, bosi na mlipaji wako kwa pamoja. Mkikosana, umepoteza vyote vitatu siku moja. Ukiwa TA unapata mwaka mzima wa kumsoma tabia, na kuongea na wanafunzi wake wa zamani. Hilo la mwisho usilikose, hata ukichagua RA.

Mbu wa Muheza: Asanteni sana. Profesa amejibu: mradi ni sura mbili za tasnifu yangu, na ruzuku imebakiza miaka miwili.

Kaole: Basi hesabu imegeuka. Ukimaliza mwaka kwenye TA, unaingia mradi ukiwa umebakiza mwaka mmoja tu. Anza RA sasa, TA iwe akiba ya baadaye.

Mwalimu Pangani: Kwa miaka miwili, nakubaliana na Kaole. Ila idara iandike kwenye barua yako kwamba ruzuku ikiisha au ikikatwa unapewa TA. Ahadi ya mdomo ya profesa haitoshi.

Dada wa Chumbageni: Na iandikwe kabla hujasaini.

Mbu wa Muheza: Nimewaandikia leo asubuhi. Wanafunzi wake wawili wa zamani nao wamekubali tuongee Jumamosi.