Tupeane uzoefu: mtoto aliyefiwa unamwambiaje?

Mama Nasra, Makorora, Tanga
Assalaam aleikum wapendwa. Baba yake Nasra alitangulia mbele ya haki mwezi uliopita, nami nimekaa eda. Nasra ana miaka 6. Siku ya msiba alipelekwa nyumba ya pili, akaambiwa baba kasafiri, kaenda Pemba. Waliosema hivyo walimwonea huruma, siwalaumu. Lakini sasa kila simu ikiita anaikimbilia. Jana kaniuliza: "Mbona baba hanipigii? Kakasirika kwa sababu nilimwaga chai yake?" Nguvu ziliniisha. Mliofiwa mkiwa na watoto wadogo, mlisemaje? Naomba maneno yenyewe mliyoyatumia.

Bi Mkubwa wa Pangani
Pole sana mwanangu. Mimi nalea mjukuu, mama yake alifariki. Yeye aliambiwa mama kalala. Basi usiku hataki kulala. Anashika kope zake kwa vidole zisifunge, mpaka macho yamekuwa mekundu. Nikampakata, nikamwambia hivi: "Mama amekufa. Mtu akifa moyo unasimama, hapumui, hasikii njaa wala baridi, haumwi tena. Tumemzika, na harudi. Kulala ni kitu kingine. Weka mkono kifuani kwangu, usikie. Hata nikilala unadunda hivi hivi."

Alilia sana, halafu akauliza kama vitumbua vimebaki. Usije ukashangaa ukimwona analia sasa hivi na punde yuko nje anacheza rede. Uchungu wa mtoto huja na kuondoka. Na swali atalirudia, leo, kesho, wiki ijayo. Mjibu yale yale kwa maneno yale yale, usichoke.

Mwalimu wa Chumbageni
Hilo la chai usilipite juu juu. Watoto wa umri wa Nasra wengi huamini kosa lao, au hata wazo baya tu, limesababisha kifo, na wanakaa nalo kimya. Kwake limetoka, shukuru. Marehemu aliumwa nini?

Mama Nasra
Presha. Ilimpanda ghafla, mshipa ukapasuka kichwani.

Mwalimu wa Chumbageni
Basi mwambie hivyo hivyo: "Mshipa wa damu ulipasuka kichwani, madaktari wakashindwa kuuziba. Chai haikumuua. Hasira haziui. Hukufanya kosa lolote." Taja ugonjwa kwa jina. Ukisema "aliumwa tu", siku akipata homa atadhani na yeye anakufa.

Wa chini ya miaka 5 hajui kwamba kifo hakina kurudi. Atakubali asubuhi, jioni akuulize anakuja lini. Kuanzia 6 au 7 wanaanza kulishika, ndipo linakuja swali jingine: na wewe mama ukifa, nitakaa na nani? Uwe na jibu lenye majina ya watu. Akirudia kukojoa kitandani usimchape. Na kwa kuwa uko ndani, mtume shangazi yake akamweleze mwalimu shuleni.

Ustadhi, Ngamiani
Nawaona madrasa, yatima wengi huona haya. Mweleze kwamba Mtume (s.a.w.) baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake, Bi Amina, akafariki yeye akiwa na miaka 6, sawa na Nasra. Na alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya watu. Kwa hiyo msimwambie mtoto "nyamaza, usilie".

Baba Shaabani, Duga
Wangu wa miaka 9 aliomba kwenda kumzika babu yake. Wazee walisita. Nilimweleza kabla hatujatoka: kutakuwa na shimo, ndani yake kuna mwanandani, babu atalazwa humo, watu watatia udongo, wengine watalia. Akatia udongo wake mara tatu kama wakubwa. Hajawahi kuuliza babu yuko wapi.

Dada wa Muheza
Aliomba mwenyewe, hapo sawa. Mimi nilisukumwa kwenye jeneza kumuaga mama mdogo nikiwa na miaka 7, mpaka leo naota. Mwelezeni, kisha muulizeni. Akikataa mwacheni, abaki na mtu anayempenda.

Mjomba wa Mwambani
Na mkubwa je? Nina mpwa wa miaka 14, anajifungia chumbani, ukimgusia habari za mama yake anatoka.

Bi Mkubwa wa Pangani
Huyo usimkalishe kitako kumhoji. Mpe kazi ya mikono mkiwa wawili, kuparua samaki au kukuna nazi, macho yenu yawe kwenye kazi. Wewe anza kumtaja marehemu kwa jina lake, alivyopika, alivyocheka. Asipojibu, endelea na kazi. Ila akianza kukataa chakula au kusema hataki kuishi, usingoje, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.