Kwa nini wachuuzi walimpenda Magufuli kuliko waliojiita watetezi wao?

Kifuutundu: Chini ya Rais Magufuli mikutano ya siasa ilizuiwa 2016, Bunge laivu kwenye TV likakatwa. Machi 2021 alipofariki, waliofurika barabarani wakilia ni wapiga debe na mama ntilie. Kwa nini? Mimi nasema elimu ndogo.

Mzee wa Toroli: Elimu ndogo ni yako. Nilikuwa napanga viatu Kariakoo, mtaa wa Kongo. Mgambo anazoa mzigo, ukienda kuukomboa unakuta viatu vya kushoto vitupu. Magufuli alipoleta kitambulisho cha machinga cha elfu 20, mgambo akifika unamwonyesha, anapita zake. Hilo Bunge laivu lingenilindia viatu?

Bi Nyota: Kilikuwa elfu 10.

Mzee wa Toroli: 20! Desemba 2018. Nililipa mimi au wewe?

Mwalimu wa Zamu: Mfanyakazi si machinga peke yake. Sisi Mei Mosi tulikwenda kusikiliza nyongeza ya mshahara, tukarudi na fulana. Halafu kikokotoo cha 2018, hesabu ya mafao ya wastaafu: kanuni zimetoka serikalini kwake, wastaafu wamepiga kelele, Desemba akazisimamisha mwenyewe, nasi tukapiga makofi. Mkono uliochapa ndio uliofuta machozi. Hapo ndipo pa kujadili.

Mzee wa Toroli: Ticha unalilia fulana? Cheti chako kilipona kwenye msako wa vyeti feki 2017?

Mwalimu wa Zamu: Cheti changu usikiguse. Wewe hata risiti huna.

Chuma Mboga: Hahaha! Ticha kapanik.

Bi Nyota: Vyeti msicheke. Watumishi karibu elfu 10 walitolewa kazini. Jirani yangu alikuwa mhudumu wa zahanati, kazini miaka 19, cheti cha form four cha dada yake. Siku jina limetoka mtaa ulishangilia, hadi wanawake aliowazalisha.

Chuma Mboga: Sasa aachwe na cheti cha dada?

Bi Nyota: Nimesema aachwe? Nimesema mlishangilia.

Kifuutundu: Jamani, swali langu…

Mzee wa Toroli: Swali lako lilikuwa tusi. Yule alituita wanyonge, na mimi hilo neno silipendi, ila alisimamisha gari akatusikiliza. Nyie mnatuita wajinga bila hata kushusha kioo.

Mwalimu wa Zamu: Na Oktoba 2021 mlipoondolewa barabarani, kitambulisho kilisaidia nini? Alikupa ruhusa, hakukupa haki. Kaondoka nayo.

Mzee wa Toroli: Ninacho mpaka leo, kwenye pochi.

Bi Nyota: Nimemuuliza mama. Kweli ilikuwa 20.